Radhi Mezani kwa Bi Shu-fen

Mie sina tabu na harufu. Nimezaliwa Wete, nimekulia papa mkavu, na mtu wa papa mkavu hatishwi na harufu ovyo ovyo. Lakini ile aliyokuwa akirudi nayo binti yangu Haifa kila Jumamosi, wallahi, sikuwahi kuisikia tangu nizaliwe. Imo kwenye mtandio, imo kwenye koti, imo mpaka kwenye mkoba. Nikimuuliza, ananijibu kwa Kiingereza chake cha kuzaliwa London kwamba ni tofu. Tofu ya kunuka, ndilo jina lake hasa, wanaikaanga watu wa Taiwan, na watu wanapanga foleni kuila.

"Wanapanga foleni kwa hiari yao?" nikamuuliza.

Alicheka mpaka akakaa chini na viatu vyake.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukiishi, mie na yeye, tangu baba yake Mansour atangulie mbele ya haki. Nyumba ya kupanga ya kaunsili, baraza la mtaa, hapa Tottenham, ghorofa ya juu, jiko dogo, mdomo wangu mkubwa. Haifa anafundisha watoto wadogo. Mie nazunguka majumbani kuwatunza wazee, nawaosha, nawapashia supu, kisha narudi kwangu kupika chakula cha haki. Na mie napika kwa majira. Watu wanasema London haina majira ila baridi, waongo hao. Kiangazi nina matembele yangu kwenye ndoo, yamejaa roshani nzima. Majani yakianza kuanguka, maboga yanamwagika sokoni, ndipo napika boga la nazi na iliki. Baridi ikikaza ni uji wa pilipili manga, utake usitake.

Basi ilikuwa siku ya boga. Nazi ndiyo kwanza naikoroga isikatike, Haifa akaja akasimama mlangoni pa jiko, mikono kaikunja mbele kama mtoto wa chuo cha Kurani. Akanisemesha Kiswahili. Hapo moyo ukanipiga, maana Haifa akinisemesha Kiswahili ujue pana jambo.

"Mama, nimepata kazi Taiwan. Mji unaitwa Tainan. Kufundisha, miaka miwili." "Naomba radhi."

Naomba radhi! Jamani. Hapa petu kila kitu tunaombwa radhi. Jumuiya yetu wakibadilisha ukumbi wa maulidi watu wameshavaa, wanatuma ujumbe kwenye simu: tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza. Fundi wa lifti asipokuja, radhi. Basi na huyu naye, mtoto niliyemzaa kwa uchungu, ananikatia tamaa ya uzee wangu halafu ananiomba radhi kwa usumbufu?

"Usiniombe radhi mie!" nikamwambia, mwiko uko juu. "Radhi hazipatikani kirahisi hivyo, Haifa. Ushapanga mambo yako, unakuja kuniomba radhi! Nenda zako."

Akanitazama. Uso ulimbadilika, ukawa mdogo kabisa.

"Sawa, mama," akasema, akaenda chumbani kwake.

Nikadhani aibu imemshika. Nikajiambia vizuri, na imshike.

Lakini kuanzia siku ile mtoto akawa wa ajabu. Hakununa, heri angenuna. Anaosha masufuria bila kuambiwa. Ananipigia simu kutoka kazini kuniuliza mgongo wangu umeamkaje. Ila kula na mie, hali. Nikipakua ananiambia ashakula. Sanduku la safari silioni, habari za Taiwan sizisikii, na mie kiburi kimenikaa kooni, siulizi. Tukawa tunaishi kama wapangaji wawili waliotambulishwa jana. Boga likawa linalala kwenye friji mpaka namlisha mtu wa taka.

Jumamosi iliyofuata nikasema leo leo. Nitakwenda kumwona huyo mtu anayemlisha mwanangu mpaka hataki chakula cha mamake, na aliyemtia kichwani hiyo Taiwan. Nikapika boga jipya, nikalitia kwenye hotpoti, nikalifunga na kanga. Nilikuwa nakwenda kugombana, sikatai. Lakini hata kugombana siendi kwa watu mikono mitupu.

Mahali penyewe ni nyuma ya soko, kimgahawa cha meza chache, mbele yake kibanda cha kukaangia. Sikuhitaji kuuliza njia. Niliposhuka kwenye basi tu harufu ikanipokea, ikanishika mkono, ikanifikisha. Na kweli foleni ipo! Vijana, wazee, baba na mwanawe mabegani, wote wamesimama kwenye baridi wanangojea kitu kinachonuka kama soksi ya askari.

Nyuma ya karai alikuwepo mwanamke wa rika langu, mfupi, kafunga nywele kwa kitambaa, koleo mkononi. Sijafungua mdomo, akaniambia, "Wewe mama yake Haifa."

Tulizungumza Kiingereza, kila mmoja na chake cha kuvunjikavunjika.

"Umejuaje?"

"Mna uso mmoja. Na Haifa aliniambia, mama atakuja siku moja, amekasirika."

Kukasirika nilikuwa nimekasirika, na sasa nikakasirika zaidi kwa kutabiriwa. Lakini mtu huyo, aliyejitambulisha kuwa Bi Shu-fen, alikuwa ashanishika kiwiko, ashanikalisha meza ya karibu na jiko, na hotpoti langu ashalipokea kwa mikono miwili, kainamisha kichwa. Mtu akipokea chakula chako namna ile utamgombezaje? Nikaahirisha kidogo.

Nikamwambia mie Muislamu, sili kila kitu. Akaniambia kwake hapapikwi nyama kabisa wala pombe haiingii, na Haifa ameshamhoji yote, mpaka siki imetengenezwa na nini. Nikaona sawa, angalau adabu hiyo nilimfunza.

Kisha akakata donge la unga, akalisukuma kwa kifimbo pale mbele yangu. Akalipaka mafuta, akanyunyiza vitunguu vya majani, akalikunja likawa kamba, ile kamba akaizungusha kama konokono, akaigandamiza, akaisukuma tena.

"Ah! Hii si chapati?" nikasema.

Akanitajia jina lake la kwao. Ulimi wangu haukuliweza, na hata sasa hauliwezi.

"Jina lolote utakalo," nikamwambia, "hii ni chapati, na mafuta umetia kidogo. Tabaka hazitaachana."

Akanitazama kwa jicho la pembeni, jicho la mpishi aliyesahihishwa jikoni kwake. Kisha akachota mafuta, akaongeza. Ikaiva, akaipigapiga kwa viganja mpaka ikafumuka kurasa kurasa. Akaonja yeye kwanza. Ya pili alitia mafuta yale yale ya kwangu. Hapo nikaanza kumpenda.

Akaleta sahani ya majani yaliyokaangwa na kitunguu thomu. Nikatia moja mdomoni nikaganda.

"Matembele! Matembele Tottenham hii, baridi hii? Umeyapata wapi?"

"Haifa huniletea. Kila wiki mfuko mmoja. Anasema ya mwisho haya, baridi imeyaua."

Mungu nisamehe. Kiangazi kizima nilikuwa nikishangaa matembele yangu yanakwenda wapi. Niliwalaani kindi wa London wote na vizazi vyao. Paka wa jirani nilimtupia kandambili. Kumbe mwizi nimemzaa mwenyewe! Nikacheka peke yangu mpaka watu wa meza ya pili wakageuka.

"Kwetu tunayatia nazi," nikamwambia Bi Shu-fen.

"Kwetu tangawizi pia. Mama yangu alikuwa na majani haya nyuma ya nyumba. Hapa madukani ni ghali, na yamechoka."

Basi ikaja yenyewe, tofu ya kunuka. Vipande vya mraba, rangi ya maandazi, kabichi ya siki pembeni na pilipili juu. Nikasema bismillahi, nikavuta pumzi kwa mdomo, nikauma. Nje inavunjika, ndani laini tepetepe, na utamu wake haukutangulii mbele, unakuja nyuma baada ya harufu kupita, kama papa hasa. Papa wa marehemu mama! Nilimaliza sahani. Nikaomba nyingine, nikajifanya namwonea haya mwenye nyumba asije akadhani sikupenda.

Na yeye akafungua hotpoti langu, akala boga amesimama. Alifumba macho. Akaniambia kwao majira haya mamake alikuwa akipika boga na tambi za mchele, sufuria kubwa, watoto wanagombania ukoko. Hakuna aliyempikia boga tangu aje Uingereza, akasema. Akajifuta macho kwa mgongo wa mkono wenye unga. Mie nami sikuwa mbali, lakini nilikuwa nimekuja kugombana, nikajizuia.

"Inasikitisha kwamba haendi," Bi Shu-fen akasema, anakwangua boga lililobaki ndani ya hotpoti. "Dada yangu kule Tainan ameshapaka rangi chumba atakachokaa."

"Nani haendi?"

"Haifa. Kesho anawajibu shule kwamba haendi. Anasema mama hakumpa radi."

"Radi?" nikasema. "Radi ninazo tele! Tangu anatambaa nampiga nazo."

Hakucheka, hakuielewa. "Sijui neno lake kwa Kiingereza," akasema polepole. "Haifa alinieleza. Kitu ambacho mama anampa mtoto kabla hajaondoka. Sio pesa. Anakitoa kwa mdomo. Mtoto asipopewa, haendi. Hata akienda, mambo yake hayawi mazuri."

Nikaiweka chapati chini.

Radhi. Mtoto alikuja jikoni kwangu, mikono mbele, akaniomba radhi zangu, zile radhi. Na mie nikamjibu kwa mwiko kwamba hazipatikani. Sijawahi kumwambia mtoto wangu neno baya kama hilo, na nililisema bila kujua nimesema nini. Usiku ule alilala vipi? Siku zote zile ananiuliza mgongo, ananioshea masufuria, kumbe anadhani mamake amemnyima radhi, na bado ananitunza.

Sasa nisikilizeni, maana sitaki kujipamba. Baada ya uchungu huo, kilichofuata kilikuwa furaha. Haendi! Nilikuwa nimemwomba Mungu kila sala abaki, na amebaki. Sikuhitaji kufanya lolote. Ninywe chai yangu ninyamaze, kesho atawajibu, keshokutwa mambo yameisha, na jioni atakuwa anafungua mlango kwa ufunguo wake kama kawaida. Hakuna ambaye angejua. Bi Shu-fen mwenyewe asingejua kama nimemwelewa.

Na nyumba ya mtu mmoja mie naijua. Nyumba kama hizo naziingia kila siku kwa kazi yangu. Kuna bibi mmoja namtunza, watoto wake wako Australia, ananisimulia habari za televisheni kama habari za jamaa zake. Nikiondoka ananishika mkono, ananiambia usiende, bado mapema. Nilikuwa naogopa kuwa bibi yule. Naogopa mpaka leo.

"Wewe mama yako alikupa?" nikamuuliza Bi Shu-fen. "Ulipokuja huku?"

Aliifuta meza ambayo ilikuwa safi. "Hakusema kitu. Hakuja hata kiwanja cha ndege. Nimekaa miaka, kila nikifungua duka nafikiri, labda leo ndiyo litafilisika, kwa sababu mama hakusema kitu." Akakunja kitambaa. "Alikufa mwaka wa gonjwa lile, ndege hazikuwa zinaruka. Mpaka leo sijui alikuwa amenikasirikia au alikuwa analia tu."

Nilimshika mkono wake wenye unga, akaniachia niushike.

Mlango ukafunguliwa, Haifa akaingia na aproni begani, maana Jumamosi huja kumsaidia kuhudumia. Akaniona. Akaiona sahani tupu ya tofu mbele yangu.

"Mama? Umekula tofu?"

"Nimekula mbili. Karibu, kindi wangu."

Akayatazama matembele, akanitazama mie, akaziba mdomo kwa kiganja. Mashavu yalimwiva. Bi Shu-fen akatuachia meza, akarudi kwenye karai lake akawa anakaanga kwa kelele nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Kaa," nikamwambia. "Siku ile jikoni, ulikuwa unaniomba nini?"

Akanijibu kwa Kiingereza kwamba yamepita, haina haja.

"Kwa Kiswahili, Haifa."

Akakaa. Akawa anauchezea ukingo wa aproni. "Nilikuomba radhi, mama. Zile za baba. Kila nikienda kwenye mtihani, baba ananirudisha kutoka mlangoni. Ananiambia nenda kwa mama kwanza, kaombe radhi. Mimi nilidhani ndivyo inavyosemwa."

"Ndivyo inavyosemwa, mwanangu. Hukukosea hata herufi." "Mie ndiye niliyesikia vibaya. Nilidhani unaniomba msamaha, kama jumuiya na ukumbi wao."

"Kwa usumbufu?" akauliza.

"Kwa usumbufu uliojitokeza."

Alicheka, na kicheko kikamgeukia kilio katikati, akajifuta kwa aproni. Nikafikiri yamekwisha. Lakini hayakuwa yamekwisha. Tulikuwa tumeelezana kosa tu, na kuelezana kosa si kupewa radhi. Sote wawili tulilijua hilo. Haifa hakuomba tena. Alikaa anangoja, macho kwenye meza, na ndani yangu kuna mtu mwoga akiniambia ishia hapo, ishia hapo hapo, mmeshapatana.

"Si lazima, mama," akasema, kama aliyemsikia yule mwoga. "Nishazoea kwamba nabaki. Kwani nikienda nani atakuuliza mgongo? Nitawaandikia kesho. Niko sawa, kweli."

Alikuwa hayuko sawa. Nimemzaa, namjua. Aliposema niko sawa alitabasamu vile vile alivyotabasamu siku ya mazishi ya babake, akiwapa watu chai.

Nikasimama. Meza ni ndogo, nikapiga kikombe kikamwagika, sikukitazama. Nikamwekea mkono kichwani juu ya mtandio, mbele ya foleni nzima ya Tottenham.

"Haifa binti Mansour," nikamwambia. "Nimekuwia radhi. Nimekuwia radhi duniani na akhera, kwa maziwa yangu niliyokunyonyesha na kwa usingizi niliokosa. Uendako Mungu akutangulie, na uliko akulinde. Chakula chao kikupende, na watu wao wakupende. Sina kinyongo nawe hata chembe, wala sijawahi kuwa nacho. Enda kwa radhi zangu, mwanangu."

Mabega yalimshuka, kama mtu aliyetuliwa ndoo ya maji kichwani. Akanikumbatia kiunoni hivyo hivyo alivyokaa, uso kauficha kwenye tumbo langu. Nikasikia karai limenyamaza.

"Lakini utalia, mama," akasema kutoka mle ndani, kwa Kiswahili. "Nikikuona unalia siendi."

"Nitalia," nikamwambia. "Nitalia sana. Na utakwenda."

Nikaanza hapo hapo, kwa sauti, na sikumwachia kichwa.